Wimbo Gani Anaupenda Mama?



Mwezi huu tuzungumze habari ya nyimbo tuzipendazo nyumbani. Pengine mtasema, "Hilo nalo ni la kuzungumza? Redio ipo, kwaya ipo, kila mtu na asikilize apendacho." Lakini sisi tunaowahudumia wagonjwa huku Lushoto tumeona kuwa si jambo dogo. Mara nyingi mzazi anapofikia saa za mwisho, watoto huzunguka kitanda wasijue la kufanya. Tunawaambia, "Mwimbieni." Tunawauliza, "Mama anaupenda wimbo gani?" Wanatazamana. Wanajua shamba lake la viazi linaishia wapi, wanajua dawa zake za presha, lakini wimbo wake hawaujui.

Na wimbo unafaa sana saa hiyo. Mgonjwa aliyefumba macho asijibu neno bado anaweza kusikia. Mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau, hata jina la mwanawe limempotea, mara nyingi huweza kuimba beti zote za wimbo wa ujana wake. Hata baadhi ya wale walioshindwa kusema baada ya kiharusi huweza kutamka maneno wakiyaimba, kwa sababu kuimba hakutegemei upande mmoja tu wa ubongo. Lakini lazima uwe wimbo anaoujua, si ule tuupendao sisi.

Tazama nyumba moja ya hapa kwetu. Bibi amezijua tangu utoto nyimbo za Kisambaa za kubembeleza mtoto na za shambani. Kanisani amelelewa kwa nyimbo zilizoletwa na wamisionari wa Bethel, walioanza kazi Mlalo mwaka 1891. Anaupenda pia wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, ulioandikwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966 alipokuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira. Alitumia sauti ya Kihaya, na leo wimbo huo huimbwa hata Marekani.

Lakini bibi huyo huyo alikuwa msichana miaka ya 1960 na 1970. Redioni alimsikia Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, na kutoka Tanga bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarabu ya Shakila. Wajukuu wake hawajui hata kidogo. Mama mwenye nyumba yeye alikulia katika kaseti za kwaya za miaka ya 1990. Binti anampenda Rose Muhando, na kijana wa kiume ana bongo fleva katika simu. Kila mmoja huona nyimbo za mwenzake ni kelele.

Wengine mtauliza, "Je, nyimbo za dansi si za dunia?" Tunajibu kwamba zipo nyimbo za matusi, na hizo mzazi asizikaribishe. Lakini wimbo kama Malaika unaeleza huzuni ya kijana asiye na mahari, na huzuni hiyo wapo wazee wetu walioionja. Tusikilize kwanza, ndipo tupime. Na kijana wako akikueleza kwa nini anaupenda wimbo fulani, utajua mengi yaliyo moyoni mwake ambayo ungemuuliza ana kwa ana asingekujibu.

Kila wimbo una kisa chake. Mwanasheria wa Chicago, Horatio Spafford, alifiwa na mabinti wanne meli ilipozama Novemba 1873. Baada ya msiba huo akaandika utenzi wa amani ya roho unaoimbwa mpaka leo katika makanisa yetu. Ajuaye kisa hicho huuimba kwa namna nyingine. Na wimbo wa bibi yako una kisa vilevile, ila hakimo kitabuni. Kimo kwake tu.

Basi mwezi huu jaribuni haya:

1. Chagueni jioni moja baada ya chakula. Zimeni televisheni. Huku milimani baridi ya Juni na Julai hutukusanya jikoni, na hapo panatosha.

2. Kila mtu, hata mtoto mdogo, achague wimbo mmoja, auimbe au auchezeshe, kisha aeleze aliusikia wapi na kwa nini anaupenda. Asichekwe.

3. Andikeni katika daftari jina la mtu, wimbo wake na namba yake kama umo kitabuni.

4. Nyimbo za Kisambaa zirekodini kwa simu, na bibi aeleze maana yake. Wajukuu waliokulia Dar es Salaam wengi hawaijui lugha, na wimbo usiorekodiwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

5. Mkija hospitali kumwimbia mgonjwa, mwambieni muuguzi kwanza. Imbeni wimbo mmoja kwa sauti ya chini, mkiwa karibu na sikio lake. Wodini Wakristo na Waislamu hulala kitanda kwa kitanda, kwa hiyo ombeni ruhusa kwa jirani. Naye ana kaswida zake, na watu wake wakija kumsomea tuwape nafasi.

Paulo alipowaandikia Wakolosai (3:16) hakutaja aina moja tu ya wimbo. Nyumba nayo haina haja ya kuwa na wimbo mmoja. Ila yafaa kila aliyemo ajue wimbo wa mwenzake, akiwa bado mzima na anaweza kuuimba mwenyewe.

Kama mama yako yu hai, muulize wiki hii. Kama yuko mbali, mpigie simu.