UCHAMBUZI: Kubomoa jukwaa si kosa, kosa ni kumsahau mkimbiaji

WANARIADHA wa Iten walipofungiwa lango la uga wa Kamariny mnamo 2017 ili ukarabatiwe, wengi waliipokea habari hiyo kwa matumaini. Uga huo wa enzi za ukoloni, ulioko Kaunti ya Elgeyo Marakwet, ulikuwa na mkondo wa udongo na jukwaa kuukuu, na hapana aliyewahi kuusifia urembo wake. Serikali ya kitaifa iliahidi tartani na majukwaa ya kisasa. Ahadi ni deni, nao wakimbiaji wakakubali kukopesha.

Miaka mitano baadaye deni hilo lilikuwa halijalipwa. Ujenzi ulikwama, na malalamiko ya wanariadha na makocha yakawa wimbo wa kila msimu.

Ili kuelewa uzito wa malalamiko hayo, yafaa tuyalinganishe na kilio kingine kilichosikika Marekani wakati uo huo. Mnamo Juni 2018, jukwaa la mashariki la uga wa Hayward Field mjini Eugene, jimbo la Oregon, liliangushwa. Lilikuwa jukwaa la mbao lililojengwa mwaka wa 1925, na mashabiki waliolipenda walifanya kampeni ya kulinusuru. Kwao, mbao zile zilihifadhi kumbukumbu za vizazi vya watimkaji, akiwemo Steve Prefontaine aliyefariki mwaka wa 1975 akiwa na miaka 24 pekee. Kilio chao hakikusikizwa. Jukwaa lilibomolewa, na kufikia 2020 uga mpya ulikuwa umekamilika.

Je, mashabiki wale walikosea? La hasha. Mahali penye historia panastahili heshima, na mji usiokuwa na kumbukumbu ni kambi tu. Hata hivyo, walichokipoteza ni kumbukumbu, wala si kazi. Mkimbiaji alirudishiwa mkondo, tena bora kuliko ule wa awali. Miongoni mwa waliofaidika ni Wakenya wenyewe. Katika Mashindano ya Dunia ya Julai 2022, Faith Kipyegon alitwaa dhahabu ya mita 1,500 na Emmanuel Korir ile ya mita 800 katika uga huo mpya. Mnamo Mei 25, 2024, Beatrice Chebet aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 papo hapo kwa dakika 28:54.14. Mnamo Julai 5, 2025 alirudi akatimka mita 5,000 kwa dakika 13:58.06, na siku iyo hiyo Kipyegon akaandikisha 3:48.68 katika mita 1,500.

Hapa ndipo penye kinaya. Ubomoaji wa kwa wenzetu umetuzalishia rekodi, ilhali ubomoaji wa kwetu ulituzalishia ua na magugu.

Kilio cha Iten hakikuwa cha jukwaa. Ni cha mkondo. Mazoezi ya barabarani na vichakani humpa mkimbiaji pumzi na ustahimilivu, lakini kasi hupimwa kwenye mzunguko wa mita 400. Ndiyo sababu Kamariny ilifurika watimkaji asubuhi za Jumanne, bingwa akipishana na kijana asiyejulikana hata kijijini mwake. David Rudisha, aliyetimka mita 800 kwa dakika 1:40.91 katika Olimpiki za London 2012, ni miongoni mwa walionolewa juu ya udongo ule.

Wapo watakaosema kwamba Kenya imeendelea kushinda licha ya hayo, kwa hivyo hasara iko wapi? Hoja hiyo inawahesabu walioshinda tu. Bingwa mwenye gari na mdhamini hupata mkondo mwingine, uwe wa Tambach, wa Eldoret au wa kituo cha kibinafsi. Anayepotea ni yule asiye na nauli. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 18 lango lilipofungwa alifikisha miaka 23 likiwa bado limefungwa, na umri huo ndio ambao watimkaji wengi huchipuka au hunyauka. Hasara yake haionekani katika orodha yoyote ya medali.

Kwa nini basi Eugene ilikamilisha na Iten ikakwama? Jibu jepesi ni fedha, maana Hayward ilifadhiliwa kwa kiasi kikubwa na Phil Knight, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Nike. Lakini fedha si jibu lote. Eugene ilikuwa imepewa tarehe ya kuandaa Mashindano ya Dunia, na dunia nzima ilikuwa ikiitazama. Hata hapa nchini, nyuga za Kasarani na Nyayo zilikarabatiwa na kuwa tayari kwa fainali za CHAN za Agosti 2025, kwa kuwa wageni walikuwa mlangoni. Kamariny haikuwa na mgeni. Waliokuwa wakiingoja ni wenyeji tu, na mwenyeji huambiwa avumilie.

Sababu ya pili ni ya kiutawala. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la shughuli za michezo na vifaa vyake, huku serikali ya kitaifa ikibaki na ukuzaji wa michezo. Kamariny iko ndani ya kaunti, lakini ujenzi wake ulisimamiwa na asasi ya kitaifa. Mradi unapokwama katika hali hiyo, mkimbiaji hajui abishe hodi wapi, na kila afisa ana mwenzake wa kumnyoshea kidole.

Suala hili lina uzito wa pekee Turkana. Katika wadi ya Nakalale, eneobunge la Turkana Kaskazini, hakuna jukwaa la kihistoria la kuombolezewa. Wala vipaji havijakosekana. Paul Ereng, Mturkana aliyezaliwa Kitale, alitwaa dhahabu ya mita 800 katika Olimpiki za Seoul 1988. Kutoka kambi ya Kakuma, wakimbiaji watano wazawa wa Sudan Kusini waliteuliwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki za Rio 2016, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera katika sherehe ya ufunguzi. Katika mbio za mchujo kambini alikuwa amekimbia miguu mitupu.

Anayekimbia hivyo haombi kivuli cha watazamaji. Anaomba mkondo uliosawazishwa, uliopimwa, na usiofungwa. Siku wajenzi watakapofika na michoro ya majukwaa, wananchi wa Turkana wana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya tingatinga kuwashwa. Fedha zote zimetengwa, au ni za awamu ya kwanza tu? Nani hasa atakayewajibika kazi ikikwama? Na wakimbiaji watafanyia wapi mazoezi kesho asubuhi?

Swali la tatu ndilo ambalo halikupata jibu Iten. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Udongo wa Kamariny ulikuwa mbachao, na waliouacha waliamini kwamba msala ungetandikwa upesi. Anayetaka kubomoa na abomoe, mradi aoneshe kwanza mahali pa kukimbilia.