BARAZANI: Kijana Akishakhitimu, Nani Anamlea?



Mwaka huu nataka tuzungumze habari za vijana wetu wa sekondari hapa Uingereza. Ada yetu twaijua: mtoto hukhitimu Msahafu akiwa na miaka 10 au 11, pilau hupikwa, jamaa hualikwa, kisha chuo basi. Na umri huo huo ndio aingiao sekondari, akaribia kubaleghe, na maneno ya rafiki yaanza kumwingia kuliko ya mama. Tunamwondolea mlezi wakati anapomhitaji zaidi.

Wapo jamaa wanaoiandikia skuli barua mtoto atolewe katika somo la dini. Haki hiyo wanayo; imo katika sheria ya elimu tangu 1944. Lakini mimi nasema tusifanye haraka. Katika England, tangu sheria ya 1988, kila halmashauri lazima iwe na baraza la kuishauri juu ya somo hilo, na dini zenye wafuasi wengi mahali hapo, pamoja na Uislamu, hupewa viti. Tukiwatoa watoto, na sisi wenyewe tusihudhurie, nani atawaeleza wenzetu Uislamu ni nini?

Hata hivyo, somo peke yake halijengi tabia. Tazameni Sura ya Luqman. Mzee yule anamuusia mwanawe asimshirikishe Mungu, asimamishe sala, astahamili, asiwafanyie watu kiburi, ateremshe sauti yake. Hayo si ya kuhifadhi tu, ni ya kutendwa kila siku.

Mjukuu wangu wa miaka 14 alikuwa mzito wa sala. Skulini kwake akakabidhiwa ufunguo wa chumba wanachosalia Ijumaa: afungue, atandike, na baadaye akunje mikeka. Tangu siku hiyo hasukumwi na mtu. Hakuongezewa aya ya kuhifadhi. Alipewa amana, naye akaona haya kuivunja.

Basi ombi langu kwa kila ukoo ni mawili. Kijana akishakhitimu, apewe kazi yake: kuwasomesha wadogo alifu na be, kusimamia futari, au kumsindikiza bibi hospitali. Na mzazi mmoja aende akasikilize baraza la dini la halmashauri yake. Tukikutana Idi, tuulizane nani amekwenda. Udongo uwahi uli maji.

Wabillahi tawfiq.