Draya Ikiandika d90, Kagua Bomba Kabla ya Kununua Kipuri

NYUMBA NA MAISHA
Na Salma Mwakio

Baridi inapoingia Marekani, ndugu zetu walioko Minnesota na Ohio husahau kabisa habari ya kamba ya kuanikia nguo. Shuka, sare za kazini, jinzi za watoto, vyote huishia kwenye draya. Huo ndio msimu ambao wasomaji wa safu hii huniandikia herufi na tarakimu: d80, tE1, L2, AF. Kila mmoja anataka kujua anunue kipuri gani.

Usinunue chochote kwanza. Msimbo wa hitilafu hautaji kifaa kilichokufa. Unataja hali ambayo mashine imeipima na kuiona si ya kawaida, na mara nyingi chanzo cha hali hiyo hakimo ndani ya mashine hata kidogo. Kiko kwenye bomba lililopita ukutani, au kwenye sakiti breka iliyo chumba kingine. Nimesoma malalamiko ya watu waliobadilisha koili, wakabadilisha sensa, wakafikia hadi kutupa mashine, na bomba lililowasumbua likabaki pale pale likingoja mashine mpya.

Tuanze na d80, d90 na d95, ambazo huonekana kwenye draya nyingi za LG. Namba hizo ni makadirio ya asilimia: njia ya kutolea hewa imeziba kwa asilimia 80, 90 au 95. Mashine yenyewe ni nzima. Feni inasukuma hewa moto iliyobeba maji ya nguo, lakini hewa haipati pa kutokea. Nguo zinamaliza mzunguko zikiwa bado mbichi, mwenye nyumba anaongeza mzunguko wa pili, bili ya umeme inapanda, na joto linajikusanya mahali lisipotakiwa. Mwisho wake fyuzi ya joto inakatika, na hiyo ndiyo kazi yake. Fundi anaweka fyuzi mpya bila kugusa bomba. Baada ya muda inakatika tena, na familia inaanza kusema mashine ni mbovu tangu kiwandani.

Kinachoziba ni nyuzinyuzi zinazotoka kwenye nguo zenyewe. Chujio hukamata nyingi, si zote. Zinazoponyoka hushika kwenye kuta za bomba, hasa kwenye kona na kwenye mabomba laini ya kukunja, na unyevu huzigandisha hapo. Nyuzi hizo zikikauka hushika moto kwa urahisi wa kutisha. Idara ya moto ya serikali kuu ya Marekani ilichambua miaka ya 2008 hadi 2010 na kukadiria kwamba kila mwaka draya zilihusika na mioto 2,900 majumbani, vifo 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafisha. Mwezi uliokuwa na mioto mingi zaidi ni Januari. Kwa hiyo nikisikia mtu amechomoa waya na kuurudisha ili kufuta d90, kisha akajaza shuka na kwenda kulala, roho yangu haitulii.

Namna ya kutafuta chanzo haihitaji vifaa vya gharama. Kwa draya ya umeme, izime na uchomoe, ivute kutoka ukutani, fungua bomba kule nyuma, kisha uichomeke tena na kuiwasha kwa dakika chache bomba likiwa wazi. Hewa ikitoka kwa nguvu na msimbo usijitokeze, adui yuko kwenye bomba au kwenye mdomo wake wa nje, ambako kifuniko hukwama au ndege hujenga. Msimbo ukirudi, angalia chujio na njia ya hewa iliyo chini yake. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: karatasi za kulainishia nguo huacha utando usioonekana kwenye wavu wa chujio. Mimina maji juu yake. Yakituama badala ya kupita, lioshe kwa maji moto na sabuni.

Draya ya gesi usiijaribu namna hiyo hata mara moja. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Hiyo ni ya kumwita fundi mwenye leseni.

Bomba lenyewe lina kanuni zake. Kanuni ya ujenzi wa nyumba za kuishi inayofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani inataka bomba la chuma la kipenyo cha inchi 4, lisizidi futi 35, yaani karibu mita 11, na kila kona ya nyuzi 90 hupunguza kiasi hicho kwa futi 5. Hairuhusu skrubu zinazochomoza ndani, kwa kuwa zinanasa nyuzi, wala wavu kwenye mdomo wa nje. Nyumba nyingi za kupanga zina draya iliyowekwa katikati ya jengo, mbali na ukuta wa nje, na hakuna mpangaji awezaye kurekebisha hilo. Mpwa wangu anayepanga Columbus alimwarifu mwenye nyumba kuwa draya inaonyesha hitilafu. Akajibiwa aichomoe na kuirudisha. Jibu hilo limenikera kwa sababu msimbo ulikuwa unazungumzia mali ya huyo huyo mwenye nyumba, iliyofichwa ndani ya ukuta wake, na hatari ikabaki kwa wanaolala humo. Nilimshauri apige picha ya skrini, aandike tarehe na muda ambao nguo zinachukua kukauka, na atume kwa maandishi, si kwa simu.

Upande wa umeme nao una mtego kwa watu wetu. Nyumba za Marekani hupokea waya mbili zenye moto, kila mmoja wa volti 120. Draya ya umeme hutumia zote mbili kupata volti 240 za kupasha koili, huku mota na taa zikitosheka na 120. Waya mmoja ukikosa umeme, dramu huzunguka, taa huwaka, saa huhesabu, lakini joto hamna. Fundi aliyejifunzia Nairobi au Mombasa, ambako waya mmoja tu wa moto ndio unaoleta umeme wote, hawezi kulikisia hili kirahisi. Draya za Whirlpool huandika L2 kuashiria umeme usiotosha, na LG huandika PS pale waya wa umeme unapokuwa umefungwa vibaya. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, zima breka ya draya hadi mwisho kisha uiwashe, maana upande mmoja unaweza kuwa umekatika na breka bado ikaonekana imewaka. Ikikatika tena, usiilazimishe. Mwite fundi umeme.

Ni pale tu hewa na umeme vinapokuwa sawa ndipo misimbo kama tE1 ya LG inapostahili kutufikisha kwenye kipuri, yaani sensa ya joto. Hata hiyo hupimwa kwa mita kabla ya kununuliwa nyingine. Nyingi husoma takriban kiloomu 10 kwenye joto la kawaida la chumba, na kipimo hushuka kadiri joto linavyopanda.

Huku kwetu draya nyingi zinazouzwa kwa ajili ya fleti hazina bomba. Hugeuza unyevu kuwa maji na kuyakusanya kwenye tangi. Zikisimama katikati ya Julai ya Nairobi, anza kwa kumwaga tangi na kusafisha chujio.

Sasa nije kwenye kinachoniuma zaidi. Bomba lililoziba ni lile lile, lakini LG huandika d80 na Whirlpool huandika AF. Maana ya herufi hizo mara nyingi iko kwenye kijitabu kilichopotea miaka mingi iliyopita, au kwenye karatasi ya fundi iliyofichwa ndani ya mashine. Si lazima iwe hivyo. Magari yanayouzwa Marekani tangu modeli za 1996 yanalazimika kutumia orodha moja ya misimbo, na P0300 ni injini kukosa kuwaka sawasawa iwe ni Ford au Toyota. Fundi wa gereji ya Grogan, Nairobi, anaisoma kwa kifaa kidogo cha mkononi. Sheria ililazimisha hilo kwa ajili ya moshi unaochafua hewa. Mashine inayoweza kuunguza nyumba ilistahili angalau kiasi hicho, na skrini yake ina nafasi ya kutosha kuandika kwa maneno mepesi kwamba bomba limeziba.

Umoja wa Ulaya umeanza. Tangu 2021 watengenezaji wa mashine za kufulia wanatakiwa kuwapa mafundi taarifa za misimbo yao ya hitilafu. Marekani hatua hiyo inapigwa jimbo kwa jimbo. Tangu Julai 1, 2024, sheria za California na Minnesota zinawataka watengenezaji wa vifaa vya nyumbani kuwapa wenye mashine na mafundi wa kujitegemea nyaraka, vipuri na zana za kuchunguza hitilafu. Minnesota ina Wakenya wengi, na wengine wao sasa wanamiliki nyumba na draya zilizomo. Wewe mwenye draya huko, andikia kampuni uombe karatasi ya misimbo ya modeli yako, na uitaje sheria hiyo katika barua. Ukishaipata, ibandike kwenye mlango wa chumba cha kufulia ambapo hata mpangaji wako ataiona.