Mambo ya Nyumbani: Usafi wa Almasi na Akiba ya Mnunuzi

Kijana mmoja aliyekusudia kuposa aliingia katika duka la sonara pamoja na mchumba wake na shangazi yake. Mfukoni alikuwa na akiba ya miezi kumi na minane. Sonara alitandika kitambaa cheusi juu ya meza, akaweka almasi mbili zilizolingana kwa ukubwa na kwa rangi. Ya kwanza, alieleza, ni safi karibu kabisa. Ya pili ina dosari ndogo. Tofauti ya bei zao ilitosha kununua mabati ya kuezekea jiko na chumba kimoja cha nyumba mpya.

Kijana, kwa kuona haya mbele ya mchumba wake, alinyosha mkono kuichukua ile ya kwanza. Shangazi akamzuia.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Bwana sonara, tafadhali yachanganye mawe hayo sisi tukiwa tumegeuka, kisha huyu kijana mwenyewe atuambie lipi ni lipi."

Mawe yakachanganywa. Kijana akatazama, mchumba naye akatazama. Hakuna aliyeweza kuyatofautisha.

Hilo ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu. Usafi wa almasi una daraja nyingi, na kila daraja ina bei yake. Lakini si kila daraja inaonekana kwa macho. Mnunuzi asiyejua mpaka huo ulipo hulipia kitu ambacho yeye, mkewe na wageni wao hawatakiona maishani.

Almasi ni kaboni iliyoumbika chini sana ardhini, kilomita 150 au zaidi, penye joto kali na mgandamizo mkubwa. Ilipokuwa ikikua, iliweza kumeza chembe za madini mengine au kupata ufa. Kwa hiyo dosari za ndani si uchafu unaoweza kuoshwa. Ni alama za kuzaliwa kwake. Wataalamu wanazitambua kwa maumbo yake: nukta ndogo mithili ya ncha ya sindano, fuwele nyeupe au nyeusi, ufa mwembamba unaofanana na unyoya, na kundi la nukta zilizosongamana hata zikawa kama wingu.

Kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi ni kile kilichowekwa mwaka 1953 na taasisi ya vito ya Marekani ijulikanayo kwa herufi GIA. Kipimo hicho kina daraja 11. Ya juu kabisa ni FL, isiyo na dosari ndani wala nje. Inafuata IF, ambayo ndani haina kitu bali juu ya uso wake huenda kukawa na alama hafifu. Kisha VVS1 na VVS2, ambazo dosari zake humtaabisha hata mtaalamu kuziona. Katika VS1 na VS2 dosari ni ndogo, na mtaalamu huziona kwa lenzi. Katika SI1 na SI2 lenzi huzionyesha waziwazi, na pengine jicho tupu nalo huziona, hasa katika SI2. Mwisho ni I1, I2 na I3, ambazo dosari zake huonekana kwa macho, na zinaweza kupunguza mng'aro au hata uimara wa jiwe.

Inafaa ikumbukwe kwamba daraja hizi zote hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Pete, kwa upande wake, hutazamwa kidoleni, kwa jicho la kawaida. Kwa sababu hiyo mnunuzi mwerevu hatafuti almasi isiyo na dosari, bali almasi ambayo dosari zake hazionekani na wala haziidhuru. Katika mawe ya duara yenye mng'aro mwingi, yasiyo makubwa sana, almasi ya namna hiyo hupatikana mara nyingi katika VS2 na hata SI1. Jiwe lililokatwa kwa umbo la mstatili wenye ngazi, ambalo uso wake ni mpana kama dirisha, huficha machache. Hapo ni vema kupanda hadi VS1 au VS2. Jiwe kubwa nalo hufichua zaidi kuliko dogo.

Hata hivyo, mawe mawili ya daraja moja si lazima yawe sawa. Jambo la kwanza la kuuliza ni mahali dosari ilipo. Fuwele nyeusi iliyo katikati ya uso wa juu huonekana upesi. Fuwele nyeupe iliyo pembeni yaweza kufunikwa na vikucha vya pete vinavyoshika jiwe. La pili ni ufa. Almasi ni ngumu kuliko madini mengine yote kwa kukwaruzwa, lakini ikigongwa vibaya hupasuka. Ufa unaofika ukingoni ni mlango wa kupasukia. La tatu ni wingu. Wingu kubwa laweza kulifanya jiwe zima lififie kama kioo cha taa kilichoingia moshi, ijapokuwa hakuna nukta moja inayoonekana. Maelezo madogo yaliyo chini ya cheti hutaja wingu la namna hiyo, nayo yapasa kusomwa kabla ya fedha kutolewa.

Namna ya kutazama ni rahisi. Jiwe lifutwe kwa kitambaa laini, kwani mafuta ya vidole hufanana na dosari. Lipelekwe karibu na dirisha, mbali na taa kali za duka, kwa sababu taa hizo hulifanya kila jiwe lichezecheze. Lishikwe umbali wa sentimita 25 hadi 30 kutoka machoni, ligeuzwe polepole. Baada ya hapo ndipo lenzi iombwe. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Ziko pia hila za kuficha dosari. Baadhi ya nyufa hujazwa kioo ili jiwe lionekane safi. Jiwe hilo huuzwa kwa bei ya chini, na mnunuzi hufurahi, hadi siku pete inapopelekwa kupunguzwa au kutengenezwa: moto wa fundi huharibu kile kioo, na ufa hujitokeza. GIA haitoi cheti cha daraja kwa almasi iliyojazwa hivyo. Mengine hutobolewa kwa mwali wa leza ili chembe nyeusi ing'arishwe. Jambo hili si haramu, ila ni lazima mnunuzi aambiwe. Vilevile cheti kinapaswa kueleza kama almasi ilichimbwa ardhini au ilitengenezwa katika maabara. Ile ya maabara ni almasi kweli, lakini bei yake ni ya chini mno, na haifai kulipiwa kama ile ya mgodini.

Kuhusu almasi ghafi zinazonong'onezwa barabarani kuwa zimetoka Kasai au Mwadui, neno ni moja tu: ziachwe. Sehemu kubwa ya almasi za Mbuji-Mayi huwa na mawingu na nyufa nyingi, ndiyo sababu hutumiwa viwandani kutobolea na kusagia, wala si kwa pete. Zaidi ya hayo, biashara ya almasi ghafi inatawaliwa na leseni, na tangu mwaka 2003 kuivusha mpaka kunahitaji cheti cha utaratibu wa Kimberley. Asiye na karatasi hizo hupoteza jiwe, fedha na pengine uhuru wake.

Fedha inayookolewa katika usafi na itumike kwanza katika mkato, kwa kuwa mkato ndio unaorudisha nuru machoni. Jiwe la SI1 lililokatwa kwa uwiano mzuri hung'aa kuliko la VVS1 lililokatwa ovyo. Tena jiwe la karati 0.90 halitofautiki sana kwa macho na la karati 1.00, bali bei ya karati kamili huruka.

Kijana yule na shangazi yake walilichunguza lile jiwe la pili dirishani. Lilikuwa SI1: fuwele nyeupe ukingoni, bila wingu wala ufa. Sonara aliwapa lenzi, nao wakasoma namba ndogo iliyochorwa kiunoni mwa jiwe, wakaona inalingana na ya kwenye cheti. Walilipa, wakachukua risiti. Mchumba alitoka na pete yake kidoleni, na kesho yake kijana akaenda kununua mabati.