Njaa ya Mmea Haingoji Jani Ligeuke Rangi

Ni desturi ya siku nyingi kwamba bwana shamba au bibi shamba afikapo shambani huangalia kwanza rangi ya majani. Akikuta majani ya chini ya mahindi yana umanjano unaoanzia nchani na kufuata mshipa wa katikati, husema kuwa naitrojeni imepungua. Akikuta mimea michanga ina rangi ya zambarau kwenye kingo za majani, hushuku fosforasi. Elimu hiyo ni ya kweli wala haifai kubezwa. Hata hivyo ina kasoro moja kubwa: hadi jani lionyeshe dalili kwa macho, mmea umekwisha kuona njaa kwa siku nyingi na sehemu ya mavuno imekwisha potea. Mbolea inayofika wakati huo ni sawa na mchele unaoletwa msibani baada ya matanga kuanuliwa.

Ipo njia ya kuusikia mmea mapema zaidi, nayo ni kupima mng'ao wa jani lenyewe. Nguvu ya mwanga inayonaswa na klorofili ina njia tatu za kupita. Hutumika katika kujenga chakula cha mmea, au hutoka kama joto, au sehemu ndogo sana, kama asilimia moja au mbili hivi, hurudishwa nje ikiwa nuru nyekundu. Njia hizo tatu zinagawana mfuko mmoja, hivyo kazi ya kujenga chakula ikikwama, nuru hiyo nayo hubadilika. Mwaka 1931 Hans Kautsky na mwenzake A. Hirsch, huko Ujerumani, walieleza kwamba jani lililokaa gizani, likimulikwa ghafla, mng'ao wake hupanda upesi kisha hushuka polepole. Utafiti mwingi wa leo wa nuru ya majani umejengwa juu ya jambo hilo.

Mwalimu wa sayansi hana sababu ya kungoja chombo cha fedha nyingi ili awaonyeshe wanafunzi nuru hiyo. Mchicha ukipondwa, ukalowekwa katika spiriti na kuchujwa, maji yake ya kijani yakimulikwa katika chumba chenye giza kwa taa ile ya kukagulia noti bandia, hung'aa wekundu kama damu. Somo hilo halisahauliki.

Lakini hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Vyombo vya kupimia mng'ao vinauzwa, na wapo wanaovisifu kana kwamba namba moja itokayo humo inaeleza kila njaa ya mmea. Si kweli. Namba inayotajwa zaidi ni ile inayolinganisha mng'ao wa chini kabisa na wa juu kabisa wa jani lililotoka gizani. Kwa jani lenye afya huwa karibu na 0.83. Ikishuka, mmea una taabu, bali taabu hiyo yaweza kuwa ukame, baridi, jua kali au upungufu wa madini ya chuma. Ubaya zaidi ni kwamba mmea uliopungukiwa naitrojeni kwa kiasi cha kawaida waweza kupunguza klorofili yake na kudumaa, huku namba hiyo ikibaki nzuri. Ofisi inayotaka kujua habari za naitrojeni katika mpunga itafaidika zaidi na ile kadi ya plastiki ya kulinganishia rangi za majani, iliyoenezwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga ya Ufilipino, kuliko kununua mtambo kwa ajili ya kazi usiyoiweza vizuri.

Kwa fosforasi mambo ni tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmaki, walionyesha mwaka 2015, wakitumia shayiri na nyanya, kwamba mstari unaochorwa na mng'ao katika sekunde ya kwanza una ngazi ndogo karibu na kilele, na kwamba ngazi hiyo hufifia mmea unapokosa fosforasi. Mwaka 2018 walieleza sababu yake. Fosforasi ni kiungo cha kutengenezea ATP, kemikali inayobeba nguvu ndani ya mmea. Ikipungua, utengenezaji huo hukwama, tindikali hulundikana ndani ya vifuko vya klorofili, na mwendo wa elektroni hupungua. Mmea ukipewa fosforasi, ngazi hurudi. Hiyo ni dalili yenye jina, wala si homa isiyojulikana chanzo.

Jambo hilo linayahusu sana mashamba ya Afrika Mashariki. Katika udongo mwekundu wenye tindikali, kama ule wa magharibi mwa Kenya, madini ya chuma na alumini huishika fosforasi kwa nguvu, hata ikawa imo ardhini na mizizi isiipate. Kipimo cha udongo hueleza kilichomo ghalani. Jani hueleza kilichofika mezani. Nayo Tanzania ina mwamba wa fosfeti wa Minjingu, uliogunduliwa mwaka 1956 na kuanza kuchimbwa mwaka 1983, ambao huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wa namna hiyo hiyo. Ni hasara isiyo na sababu kumpa mkulima mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni tupu ilhali mahindi yake yanalilia fosforasi.

Kinachotakiwa kwanza si kugawa mitambo wilayani. Mstari wa shayiri ya Denmaki hauwezi kuhukumu mahindi ya Mbozi kabla ya kulinganishwa na majani yaliyopimwa maabara, aina kwa aina ya mbegu. Kazi hiyo inavifaa vituo vya utafiti wa udongo kama Mlingano, Tanga, na yaweza kuanza kwa msimu mmoja wa vishamba viwili viwili, kimoja chenye fosforasi na kingine bila. Upimaji wenyewe ufanywe alfajiri, kabla jua halijatoka. Mchana jani hulazimika kubanwa kwa kibanio cha giza kwa karibu nusu saa. Alfajiri giza la kutosha limekwisha lipata usiku kucha, na mtu mmoja aweza kupita shamba zima kabla ya saa kumi na mbili.