Faragha Inayouzwa Ufukweni

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2011, watu wenye bunduki walishuka kwenye boti katika ufukwe wa hoteli ya Kiwayu Safari Village, kaskazini mwa Lamu, wakaingia katika banda walimolala mtu na mkewe kutoka Uingereza. David Tebbutt, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya uchapishaji ya Faber and Faber, aliuawa kwa risasi. Mkewe, Judith, aliburutwa hadi botini akapelekwa Somalia. Alikaa mateka zaidi ya miezi sita, mpaka familia yake ilipomkomboa kwa fedha tarehe 21 Machi 2012. Habari ya kifo cha mumewe aliipata akiwa mikononi mwa watekaji, kwa simu, kutoka kwa mwanawe.

Wengi wetu watu wa Mbinga tulioko huku Uingereza tunaikumbuka habari hiyo kwa sababu ya maharamia. Tahariri hii inaikumbusha kwa sababu ya hoteli yenyewe. Banda lile lilijengwa kwa makuti na mikeka, halikuwa na mlango wa kufunga, pazia tu. Wageni wengine hawakuwepo; wawili wale walikuwa na ufukwe mzima peke yao. Mpaka wa Somalia ulikuwa umbali wa kilomita kama 40, na onyo la serikali ya Uingereza kwa wasafiri lilihusu eneo la kilomita 30 kutoka mpakani, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi walikuwa mahali salama. Mwezi uliofuata onyo hilo lilisogezwa hadi kilomita 150 za pwani. Ramani ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikuwa ameshakufa.

Sasa tazama: kila kilichowaponza ndicho walichokilipia. Kukosa mlango, kukosa jirani, kukosa barabara, mchanga usio na nyayo za mtu mwingine. Hoteli za aina hii huuza umbali na kuuita faragha. Wakati wa amani hakuna aliyeibiwa katika biashara hiyo, mgeni anapata alichotaka. Siku mambo yakiharibika, umbali uleule unageuka kuwa saa za kungoja boti ya polisi.

Tunayasema haya sasa kwa sababu msimu wa kwenda nyumbani umekaribia, na safari za mwaka huu si zile za zamani za kutua Dar es Salaam, kupanda basi la Songea na kuishia Mbinga kwa wazee. Tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, kilomita 60 na ushei ambazo zamani zilikuwa mateso ya milima na tope, vijana wetu wanashuka hadi Ziwa Nyasa. Wengine wameoa au kuolewa na watu wa huku na wanataka kumwonyesha mwenza wao Nyasa: maji maangavu, mawe makubwa ya Liuli, dagaa wa usipa waliotandazwa juani. Kuna waliokwisha kupanga fungate yao huko. Na kuna kundi la tatu, ambalo tutalirudia, linaloulizia viwanja vya kujenga nyumba za wageni.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Tangu mji wa Palma, Msumbiji, ulipovamiwa Machi 2021, na wageni na wenyeji wakajikuta wamezingirwa katika hoteli ya Amarula, kila mkwe wa huku akisikia neno Ruvuma anafungua ukurasa wa maonyo ya safari. Anachokiona ni mto Ruvuma, mkoa wa Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, basi kwake ni kitu kimoja. Mwelezeni taratibu. Palma iko mkoa wa Cabo Delgado, kando ya bahari, ng'ambo ya Mtwara. Kutoka huko hadi Mbamba Bay ni kilomita kama 600 kwa mstari ulionyooka, na jirani yetu wa ziwani upande wa Msumbiji ni mkoa wa Niassa. Hata hivyo someni onyo lenyewe kabla ya kununua tiketi, maana kampuni nyingi za bima hulisoma neno kwa neno na hukataa kulipa mtu akienda mahali ambapo serikali imesema asiende.

Hatari ya Nyasa haina bunduki. Mfano wake wa karibu ni wa kisiwani Pemba. Septemba 2019, katika Manta Resort, kaskazini mwa kisiwa hicho, mgeni Mmarekani alipiga mbizi nje ya chumba cha chini ya maji, akashikilia kwenye kioo barua ya kumwomba mpenzi wake akubali kuolewa naye, huku mwenzake akimpiga picha kutoka ndani. Hakurudi juu akiwa hai. Chumba kile huelea mita kama 250 kutoka ufukweni, maji yake yana kina cha mita kama kumi. Hapakuwa na adui. Palikuwa na watu wawili, maji, na ufukwe uliokuwa mbali kidogo kuliko inavyofaa.

Ziwa letu ni kubwa kuliko wageni wanavyodhani, na pengine kuliko sisi wa milimani tunavyodhani. Watu wa Kitura, Litembo na Maguu tumezaliwa tukiyajua mashimo ya ngoro ya kilimo cha mlimani na matuta ya kahawa; kuogelea wengi wetu tulijifunzia kwenye mabwawa ya kuogelea ya manispaa huku ughaibuni, tukiwa watu wazima, tena kwa kulipia. Nyasa lina urefu wa karibu kilomita 580 na kina kinachofika mita 700. Kuanzia Mei hadi Agosti kusi huvuma kutoka upande wa chini wa ziwa, na urefu wote huo unaupa nafasi ya kukusanya mawimbi. Majirani zetu wa Malawi wanauita upepo huo mwera, na ndio ulioipa meli ya Vipya wakati mgumu Julai 1946 hadi ikapinduka na kuzama na watu zaidi ya 140. Meli hiyo ilikuwa mpya, ya chuma. Ndugu zetu hushuka ziwani mwezi huohuo wa Julai, kwa sababu ndipo shule za huku zinapofungwa, wakamkodi kijana mwenye mtumbwi wawapeleke kwenye kaufuko kadogo wasikoonekana na mtu.

Mvuvi wa Mbamba Bay anajua saa ya kutoka na saa ya kurudi. Asubuhi ziwa limelala, mchana linaamka. Shida ni kwamba mteja ndiye anayelipa, na mteja anataka kubaki kule hadi jua lizame. Kijana hatabishana na mtu aliyekwisha kumwonyesha noti. Hapo wajibu ni wa kwetu tunaojua lugha: muulizeni kabla ya kulipa leo ziwa likoje, na akisema turudi saa sita, rudini saa sita. Ulizeni jaketi okozi ziko wapi, na mzivae, zisiwe za kukalia. Mlangoni mwa mto Ruhuhu, upande wa Lituhi, mnapoambiwa msiingie majini kwa sababu ya mamba, hilo si la kuuliza mara mbili.

Halafu kuna lile lisiloonekana, ambalo huwafikia watu wakiwa wamesharudi kazini. Kichocho. Konokono wake hupenda maji tulivu ya kina kifupi yenye majani, yaani pale pale mtoto anapopenda kucheza. Mwaka 1992 Wamarekani wawili wa kujitolea waliokuwa Malawi waliugua kichocho kilichoingia kwenye mfumo wa fahamu, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba Cape Maclear, mojawapo ya fukwe zinazopendwa zaidi na watalii kwenye ziwa hilohilo, ilikuwa na maambukizi ya kutosha. Dawa ipo, prazikwanteli, tena si ghali. Tatizo ni kwamba daktari wa Leeds au Reading hatakuuliza kama uliogelea Nyasa. Mwambie wewe, na kipimo cha damu ukifanye miezi mitatu hivi baada ya kutoka majini, kwa sababu mapema mno hakionyeshi kitu. Malaria ni hadithi nyingine lakini tuiseme kwa mstari mmoja: wagonjwa wengi wa malaria inayoingia Uingereza ni watu kama sisi, waliokwenda kusalimia ndugu wakaamini kwamba mwili wa utotoni bado unawalinda.

Turudi kwenye faragha, kwa sababu kuna upande wake ambao magazeti ya huku hayakuuandika kwa wino mzito.

Baada ya Kiwayu, tarehe 1 Oktoba 2011 mwanamke Mfaransa mwenye ulemavu, Marie Dedieu, alitekwa nyumbani kwake kisiwani Manda, akafia mikononi mwa watekaji kabla mwezi haujaisha. Katikati ya Oktoba jeshi la Kenya lilivuka mpaka kuingia Somalia. Wageni wakakatisha safari zao. Uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku Lamu kwa miaka kadhaa, na mvuvi ambaye hajawahi kumwona mtalii wa Kiwayu akabaki anatazama bahari iliyojaa samaki asiyoruhusiwa kuingia. Na kulikuwa na Mboni mmoja, mtu wa jamii ya Waboni, mtema kuni na mrina asali aliyewahi kufanya kazi katika hoteli ile, ambaye alikamatwa baada ya tukio. Alisema alilazimishwa kwa bunduki kuwaonyesha wauaji njia. Mwaka 2013 alihukumiwa kifo. Mwaka 2023 hukumu ile ilifutwa akawa huru, na Judith Tebbutt mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotaka kesi hiyo itazamwe upya. Zaidi ya miaka 11 gerezani. Tunajiuliza kama Mboni yule angekuwa na jirani wa kumshuhudia usiku ule, kama hoteli ingekuwa ndani ya kijiji chenye watu wanaoamka mbwa akibweka, angekaa gerezani hata wiki.

Vivyo hivyo Uganda. Tarehe 17 Oktoba 2023, katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, waasi wa ADF waliwaua bwana na bibi harusi waliokuwa kwenye fungate. Dunia ilisoma kuhusu watu wawili. Waliokufa walikuwa watatu. Wa tatu ni mwongozaji wao, Mganda.

Sasa kundi la viwanja. Katika mazungumzo ya jumuiya yetu tumesikia mipango mizuri ya nyumba za wageni kandokando ya Nyasa, na karibu yote ina sifa moja: ghuba ya pekee, mbali na mwalo, mbali na harufu ya usipa, geti, na wageni wanaoletwa kwa boti. Mhariri anaipinga, na anajua ataudhi marafiki.

Sheria yenyewe imeshaweka mpaka wa kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo lile baraza la kunywea chai miguu ikiwa majini halipo. Ardhi ya kijiji nayo iko chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na anayeanza kwa kutafuta mahali ambapo kijiji hakimwoni ameanza vibaya. Lakini hata sheria zingenyamaza, tungesema vilevile: jengeni ndani ya kijiji. Mgeni alale pale ambapo mama wa usipa anapita alfajiri na kusalimia. Vijana wa boti wawe wavuvi wa mwalo huohuo, wanaojulikana na BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi wa mwalo, ili boti isiporudi saa kumi watu wajue ni boti ya nani na imeelekea wapi. Gari liwepo usiku, lenye mafuta. Mfanyakazi wenu ajue njia ya hospitali ya Liuli, ajue pia Litembo na Peramiho, na awe na namba za watu wa zamu badala ya namba ya mapokezi ya mchana. Kutoka Mbamba Bay hadi hospitali ya mkoa Songea ni safari ya kilomita 170 hivi. Mgeni wenu aambiwe hilo anapoweka nafasi, siku ambayo bado anaweza kuchagua.

Mtasema mgeni wa Ulaya hapendi kelele za kijiji. Wengine hawapendi, na waende kwingine. Walio wengi, kwa tulivyowaona wenza wetu wakishangiliwa na shangazi wa Kitura hadi wakaona haya, wanapenda kuliko wanavyokiri.

Na kwa mnaosafiri mwaka huu bila mpango wa kiwanja, ombi letu ni dogo. Desturi ya kumtambulisha mgeni kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji tulikuwa tukiicheka tulipokuwa vijana, tukiiona ya upelelezi. Mkifika ziwani, ifuateni. Mpelekeni mwenza wenu, mseme majina, mseme mnalala wapi na mnaondoka lini, mwacheni mzee aandike kwenye daftari lake. Namba ya balozi muitume pia kwa ndugu mmoja aliyebaki Mbinga na kwa mmoja aliyebaki huku.