Nani Amlipe Mwalimu wa Muziki?

Wananchi wengi wa Unguja wamepata kupita mbele ya jumba la Forodha ya zamani, Mizingani, wakasikia fidla na ganuni zikijaribiwa ghorofani. Humo ndimo Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kiitwacho DCMA, kilimofundishia vijana wetu kwa miaka mingi baada ya kufunguliwa mwaka 2002. Mtoto asiye na fedha ya kununulia chombo alipata hapo udi, ngoma na taarab.

Lakini chuo kilisimama juu ya fedha za wahisani na balozi za nje. Zilipopungua, mwaka 2019 wakuu wake walitangaza kwamba huenda kikafungwa. Ada ilikuwa kama dola 13 za Marekani kwa mwezi, na wanafunzi walio wengi hawakuiweza. Tamasha la Sauti za Busara nalo lilikosa fedha, lisifanyike mwaka 2016. Mara mbili basi tumeonywa.

Hatuwalaumu wahisani. Fedha yao ina tarehe ya mwisho. Tumbo la mwalimu halina.

Wako wasemao mwanafunzi alipe, asiyeweza aondoke. Neno hilo twalikataa kabisa. Kumfukuza mtoto wa mvuvi siko kujitegemea. Ni kuwaachia muziki wenye nazo. Wengine wasema Serikali ilipe yote. Na itoe fungu lake, ni haki. Ila kinacholishwa na mfuko mmoja hufa na mfuko huo.

Fedha ipo. Nenda harusini usiku wa taarab, utazame akina mama wanavyomtunza mwimbaji, noti juu ya noti. Nenda hoteli za pwani, ambako wageni hupigiwa muziki wakila. Wapigaji hao wamefundishwa na nani? Nadi Ikhwan Safaa iko tangu mwaka 1905, nacho ni chama cha wanachama wenyewe. Sisi tuliozunguka vijijini kuuza kadi twajua: shilingi za watu wengi huchosha kuzikusanya (na miguu huuma), lakini haziondoki zote siku moja.

Basi twataka kila tawi limlipie ada mwanafunzi mmoja. Hoteli zitoe fungu kwa kila usiku wa muziki. Na chuo kibandike mapato na matumizi yake ukutani kila miezi mitatu, hata asiyejua kusoma noti za muziki azisome hizo nyingine. Tawi lililo tayari lituandikie kabla ya mwisho wa mwezi.